Mshipa Usiokusudiwa: Sindano Inapopotea Njia Mwilini

Kila dawa ya sindano hutambuliwa kwa mambo matatu, yaani jina lake, kipimo chake na njia yake ya kuingia mwilini, na kati ya hayo matatu njia ndiyo inayosahaulika upesi, kwa kuwa mgonjwa huuliza ameandikiwa dawa gani na atachomwa mara ngapi, lakini ni nadra kuuliza atachomwa wapi na kwa nini hapo. Dawa ileile, kwa kipimo kilekile, inayoponya ikiwekwa katika msuli inaweza kusimamisha moyo, kuua ngozi au kumfanya mtu ahisi kwamba anakata roho, iwapo ncha ya sindano imetua ndani ya mshipa wa damu bila anayechoma kujua. Ajali hiyo haitokei mara nyingi, na si sababu ya mtu yeyote kuikimbia chanjo au tiba. Lakini inapotokea huja kwa kasi, na njia nyingi za kuizuia ni nyepesi, hazina gharama kubwa na zimo mikononi mwa mtoa huduma. Kwa hiyo inafaa ieleweke na wauguzi, wagonjwa na wazazi wanaopeleka watoto kuchomwa.

Kasi hugeuza dawa kuwa sumu

Mafunzo ya uuguzi hugawa sindano kwa kufuata mahali dawa inapoachwa. Sindano ya ndani ya ngozi, kama ile ya chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga, huiacha dawa katika ngozi yenyewe. Sindano ya chini ya ngozi, kama ya insulini, huiacha katika tabaka la mafuta. Sindano ya msuli, inayochomwa begani, pajani au makalioni, huiacha katikati ya nyama. Na sindano ya mshipa, pamoja na dripu, huimimina moja kwa moja katika damu. Kinachozitenganisha njia hizo hasa ni kasi. Dawa iliyowekwa msulini hunyonywa kidogo kidogo na vishipa vyembamba sana viitwavyo kapilari, ikaingia katika damu kwa dakika, kwa saa au, kwa dawa zilizotengenezwa makusudi ziyeyuke polepole, kwa majuma kadhaa, hivyo kwamba kipimo cha mwezi mzima hukaa msulini kama nafaka ghalani na mwili ukapimiwa posho yake siku kwa siku.

Dawa hiyo ikiingia mshipani, ghala zima humwagwa kwa mkupuo mmoja. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na moyo wake, akiwa ametulia, husukuma karibu kiasi hichohicho kila dakika, kwa hiyo kilichoingia katika mshipa wa mkono hufika moyoni, hupita mapafuni na kuufikia ubongo kabla ya dakika moja kwisha. Mwili haupati nafasi ya kuipunguza makali dawa hiyo, na aliyechoma hapati nafasi ya kuirudisha katika bomba.

Aina ya mshipa nayo huamua sura ya ajali. Vena ni mshipa unaorudisha damu moyoni, na ateri ni mshipa unaoitoa damu moyoni kuipeleka viungoni. Kilichoingia katika vena husafiri katika mishipa inayozidi kupanuka hadi moyoni, kisha mapafuni, kwa hiyo madhara yake huonekana kwanza katika pumzi, mapigo ya moyo na fahamu. Kilichoingia katika ateri hufuata mishipa inayozidi kusinyaa hadi kwenye kapilari za vidole au za ngozi, kikanasa huko, kwa hiyo madhara yake hukikumba kiungo kilichochomwa: maumivu makali papo hapo, ngozi kupauka, baadaye kugeuka rangi ya zambarau, na hatimaye nyama kufa.

Ganzi inapoufikia moyo

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa dawa za ganzi, kama lidokaini, ambayo katika hospitali nyingi huitwa lignokaini, na bupivakaini, ambayo nguvu yake hudumu zaidi. Dawa hizi hufunga vilango vya sodiamu katika utando wa neva, yaani vitundu ambavyo chembe za sodiamu hupitia ili neva ipeleke habari, na vilango hivyo vikifungwa habari ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Tatizo ni kwamba ubongo wenyewe na moyo navyo vinaendeshwa kwa vilango vya namna hiyohiyo, kwa hiyo ganzi iliyokusudiwa kwa jino moja au kidonda kimoja, ikiingia katika damu kwa wingi, huwa ganzi ya viungo ambavyo havipaswi kulala hata kidogo. Dalili za mwanzo ni midomo na ulimi kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu na kusema maneno yasiyoeleweka. Zinaweza kufuatwa na misuli kutetemeka, degedege, kupoteza fahamu, mapigo ya moyo kuvurugika na moyo kusimama.

Vipimo vyenyewe vinaonyesha jinsi nafasi ya kukosea ilivyo ndogo. Kikomo kinachotumika mara nyingi kwa lidokaini isiyochanganywa na adrenalini ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, hivyo mtu wa kilo 60 hapaswi kuzidishiwa miligramu 180, ambazo, katika dawa ya nguvu ya asilimia 2, ni mililita 9 tu. Kikomo hicho kimehesabiwa kwa dawa inayobaki katika nyama na kunyonywa polepole. Ndani ya mshipa, kiasi kidogo zaidi sana kinatosha kuleta degedege.

Somo la bupivakaini lilipatikana kwa gharama ya uhai. Mwaka 1979 daktari wa Marekani, George Albright, aliandika katika jarida la Anesthesiology kuhusu wagonjwa ambao mioyo yao ilisimama baada ya kupewa ganzi za aina hiyo, na walikuwamo wanawake wenye uchungu wa kuzaa waliochomwa ganzi ya mgongoni, mahali ambapo wakati wa ujauzito vena zilizouzunguka uti wa mgongo huvimba na kuwa rahisi kuchomeka. Bupivakaini hushika vilango vya moyo kwa nguvu na kuviachia kwa kuchelewa, ndiyo maana moyo uliosimama kwa sababu yake ulikuwa mgumu mno kuamshwa. Mwaka 1984 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikomesha matumizi ya bupivakaini ya asilimia 0.75 kwa wajawazito. Dawa ya kuokoa ilichelewa kupatikana: mwaka 1998 Guy Weinberg na wenzake walionyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba mchanganyiko wa mafuta unaotumika kuwalisha wagonjwa kwa njia ya mshipa huwasaidia wanyama hao kustahimili sumu ya bupivakaini, na mwaka 2006 yakachapishwa maelezo ya mgonjwa wa kwanza aliyeokolewa kwa njia hiyo. Leo mchanganyiko huo wa asilimia 20 umo katika miongozo ya wataalamu wa usingizi, nao unapaswa kuwa karibu kila mahali ganzi nyingi inapochomwa.

Kliniki ya meno nayo ina mtihani wake. Ili kutia ganzi meno ya taya la chini, daktari huielekeza sindano nyuma ya gego la mwisho, mahali ambapo neva hupita ikiwa imeandamana na ateri na vena, na vitabu vya tiba ya meno hutaja kwamba katika asilimia 10 hadi 15 ya sindano za mahali hapo damu huonekana bomba linapovutwa nyuma kabla ya kusukuma dawa. Kwa kuwa ganzi nyingi za meno huchanganywa na adrenalini, inayosinyaza mishipa ili ganzi isiondoke upesi, mgonjwa ambaye dawa imemwingia mshipani huhisi moyo ukimdunda ghafla, mikono ikitetemeka na hofu ikimpanda, na mara nyingi hali hiyo hutulia baada ya dakika chache. Wataalamu wa usingizi wamelifanya hilo kuwa kinga, kwani kabla ya kutoa kipimo kamili cha ganzi ya mgongoni huchoma kwanza kipimo kidogo chenye mikrogramu 15 za adrenalini, na mapigo ya moyo yakipanda ghafla ndani ya dakika moja hutambua kwamba mrija unaopitisha ganzi umo ndani ya mshipa, wakauondoa kabla ya madhara makubwa.

Penisilini na hofu ya kukata roho

Penisilini za msuli zina hatari ya namna nyingine, kwa sababu si maji yaliyoyeyusha dawa bali ni uji mweupe wenye fuwele ndogo, yaani punje ngumu za dawa zinazoelea katika maji. Benzathini penisilini hutibu kaswende na huwakinga wagonjwa wa homa ya baridi yabisi, ambayo ni madhara ya maambukizi ya koo yanayoweza kuharibu vali za moyo, nayo hukaa msulini kwa majuma kadhaa. Prokaini penisilini, ambayo wauguzi wa Afrika Mashariki wameizoea kwa jina la PPF, imeunganishwa na prokaini, ambayo ni dawa ya ganzi. Uji huo ukiingia katika vena, punje zake huweza kuziba vishipa vya mapafu na vya ubongo, na ndiyo maana benzathini penisilini huandikwa onyo kwamba isichomwe mshipani kamwe, kwa kuwa moyo umewahi kusimama na watu wamewahi kufa.

Mwaka 1959 Rolf Hoigné, daktari wa Uswisi, alishiriki kueleza hali ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mara tu baada ya kuchomwa prokaini penisilini, mgonjwa hushikwa na hofu kuu ya kufa, akaona au kusikia visivyokuwepo, masikio yakavuma, na wakati mwingine akapata degedege, kisha hali hiyo ikapita, mara nyingi ndani ya nusu saa. Tofauti yake na mzio mkali ni kwamba katika mzio mkali shinikizo la damu huanguka, ngozi huwasha na kuvimba na pumzi hubana, lakini katika hali ya Hoigné shinikizo la damu kwa kawaida halianguki, na huenda hata likapanda. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu mgonjwa asiyechunguzwa vizuri huandikiwa kwamba penisilini inamkataa, akanyimwa maisha yake yote dawa nzuri na ya bei nafuu, ilhali kilichomkosea ni njia tu.

Faida ya dawa hiyo ni kubwa mno kuachwa kwa sababu ya woga. Katika utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021, watoto na vijana 818 waliokuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa wa moyo utokanao na baridi yabisi walifuatiliwa kwa miaka 2, na ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa benzathini penisilini kila baada ya majuma 4, ukilinganisha na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Mtoto wa namna hiyo huchomwa sindano nyingi katika maisha yake, na kila moja inastahili uangalifu uleule wa ile ya kwanza.

Ateri na kiungo kinachokufa

Mwaka 1924 Freudenthal wa Ujerumani, na mwaka 1925 Stefan Nicolau, daktari mzaliwa wa Romania, walieleza ajali iliyowapata wagonjwa wa kaswende waliochomwa chumvi za bismuthi katika msuli. Mgonjwa hupata maumivu makali sindano ikiwa bado mwilini, ngozi hupauka, kisha hujichora mistari ya zambarau kama wavu, na baada ya siku kadhaa ngozi na nyama ya chini yake hufa na kuacha kidonda kinachochelewa kupona na kovu la kudumu. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba dawa imeingia katika ateri ndogo, au imeizunguka hadi ikaibana, na sehemu iliyotegemea damu ya ateri hiyo ikakauka. Hali hiyo, iitwayo dalili za Nicolau, bado hutokea, ingawa kwa nadra, baada ya sindano za benzathini penisilini na za diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo huombwa na watu wengi hata pale ambapo kidonge kingetosha.

Kisa kilichofika mahakamani ni cha Diana Levine, mwanamuziki wa jimbo la Vermont nchini Marekani, ambaye mwaka 2000 alipewa promethazini, dawa ya kichefuchefu, kwa njia ya mshipa akitibiwa maumivu ya kipandauso. Promethazini huunguza nyama inayoigusa nje ya mshipa wa vena, na siku hiyo ilifika katika ateri, mkono ukaoza, ukakatwa kiganja kisha sehemu ya chini ya kiwiko. Shauri lake dhidi ya kampuni ya Wyeth, iliyoitengeneza dawa hiyo, liliamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani tarehe 4 Machi 2009, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwa faida yake, na mwezi Septemba mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliagiza dawa hiyo ibandikwe onyo zito kuhusu nyama kuoza. Kiini cha shauri kilikuwa swali la njia, yaani kama onyo kuhusu namna ya kuichoma dawa lilikuwa limeandikwa kwa uzito unaostahili.

Kuvuta bomba nyuma, au kutovuta

Kinga ya zamani kuliko zote ni kuvuta bomba nyuma kidogo baada ya sindano kuingia na kabla ya dawa kusukumwa, ili kama ncha imo mshipani damu ionekane katika bomba. Kwa chanjo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba jambo hilo halihitajiki, kwa sababu msuli wa bega na msuli wa nje ya paja, mahali panapochomwa chanjo, haina mishipa mikubwa, na kuvuta bomba humrefushia mtoto maumivu. Ushauri huo unahusu chanjo. Haupaswi kuchukuliwa kuwa ruhusa ya kuacha kuvuta bomba kwa dawa zote, kwani kwa ganzi, kwa penisilini za msuli, na hasa kwa sindano za makalioni, uangalifu huo bado una nafasi yake.

Kalio lina ateri kubwa katika sehemu yake ya juu pamoja na neva nene inayoteremka hadi mguuni, ambayo ikichomwa au kuguswa na dawa inaweza kumwacha mtoto akichechemea maisha yake yote. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa uuguzi hufundishwa kuligawa kalio katika robo nne na kuchoma robo ya juu ya nje, au, vizuri zaidi, kuchoma ubavu wa nyonga, mahali palipo mbali na mishipa mikubwa na neva hiyo. Na kwa watoto wadogo, paja kwa upande wa nje ndilo mahali pa kuaminika zaidi.

Kuvuta bomba pia hakutoi uhakika kamili, kwa kuwa ukuta wa mshipa unaweza kunyonywa ukaziba tundu la sindano na damu isionekane, au sindano inaweza kusogea kidogo baada ya kuvuta. Hivyo kinga ya kweli ni jumla ya mambo kadhaa yanayoshikana: kuchagua mahali sahihi, kuvuta bomba panapohitajika, kusukuma dawa taratibu huku mgonjwa akiangaliwa usoni na kuzungumzishwa, kuigawa ganzi katika mafungu madogo, na kuacha mara moja maumivu yanapozidi kiasi au dalili ngeni zinapoonekana. Kwa dawa za kukaa muda mrefu mwilini, kungoja kituoni baada ya sindano ni sehemu ya tiba: testosteroni ya mafuta, ambayo matone yake yakiingia katika vena huweza kufika mapafuni na kuleta kikohozi na kukosa pumzi, humtaka mgonjwa akae chini ya uangalizi kwa dakika 30, na olanzapini ya kukaa muda mrefu, inayotibu maradhi ya akili na inayoweza kumtia mtu usingizi mzito na kuchanganyikiwa ikiingia katika damu kwa ghafla, humtaka akae kwa saa 3.

Sindano isiyo ya lazima

Imani ya watu wa Afrika Mashariki kwamba sindano ndiyo tiba yenyewe haikuzuka bure. Katika miaka ya 1920 serikali za kikoloni zilianza kutibu buba, ugonjwa wa vidonda vya ngozi ulioenea vijijini, kwa sindano za bismuthi na za dawa zenye aseniki, vidonda vilivyowatesa watu kwa miaka mingi vikakauka kwa siku chache. Na kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni ya kutokomeza buba katika nchi 46, wakitibu zaidi ya watu milioni 50 kwa sindano ya penisilini. Jambo lenye mafundisho ni kwamba bismuthi iliyojenga sifa ya sindano katika ukanda huu ndiyo dawa ambayo Nicolau, katika miaka hiyohiyo, alikuwa akiiandika kuwa imeua ngozi za wagonjwa. Sifa ilibaki, tahadhari ikasahauliwa.

Matokeo yake ni kwamba homa ya kawaida, maumivu ya mgongo na uchovu vinaendelea kuchomewa sindano, mara nyingine na mtu asiye na mafunzo, katika chumba kisicho na adrenalini wala oksijeni ya kuokolea. Kila sindano isiyohitajika huongeza nafasi moja ya ncha kutua pasipokusudiwa, mbali na jipu, kupooza mguu na maambukizi ya virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI yanayotokana na vifaa visivyo salama. Dawa ikiwa na kidonge kinachofanya kazi sawa, na mgonjwa akiwa anameza bila kutapika, kidonge ndicho tiba bora, kwa sababu dozi ya kidonge inaweza kusitishwa, lakini dozi ya sindano ikishaingia haina pa kurudi.

Kwa hiyo msomaji anayekwenda kuchomwa, au anayempeleka mtoto, ana haki na wajibu wa kuuliza maswali manne kabla mkono haujapakwa spiriti: je, sindano hii ni ya lazima au kuna kidonge, ni ya msuli au ya mshipa, itachomwa wapi, na baada ya hapo tungoje kwa muda gani. Akihisi ladha ya chuma mdomoni, masikio yakivuma, moyo ukienda mbio, pumzi zikibana au maumivu yasiyo ya kawaida, aseme hapohapo, sindano ikiwa bado mwilini, asivumilie kwa heshima wala kwa haya. Mtoa huduma anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa wala kukatizwa, kwa sababu anafahamu kwamba njia ya dawa ni sehemu ya dawa yenyewe, na kwamba kusimama kwa sekunde chache kabla ya kusukuma kunaweza kuokoa mkono wa mtu, au uhai wake.